Muhogo unaumwa: upeleke SUA au kituo cha TARI?

Wakulima wa Tanzania hawachoki kuuliza hili: SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, au kituo cha kanda yako cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo?

Tuanze na umbali, maana ndio unaokula nauli. TARI imetawanyika: Naliendele kule Mtwara, Maruku Kagera, Uyole Mbeya. Kutoka Bukoba hadi Morogoro na majani mkononi ni kujitesa. Yatafika yameoza, hasa ukiyafunga kwenye plastiki badala ya gazeti.

Ugonjwa wenyewe nao una usemi. Michirizi kahawia, kwa mfano: shina limesimama, majani yana umanjano kidogo, ila ukikata muhogo unakuta mabaka ya kahawia, makavu kama kizibo. Huo hata bwana shamba anaujua. Dalili zikichanganyika, virusi huku na upungufu wa madini kule, chuo kinapata nguvu. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kuganda na tatizo lako msimu baada ya msimu. Tatizo ni akihitimu. Mimi niliwahi kuachiwa vibao vya majaribio shambani, simu haipokelewi.

Kituo hakihitimu. Tena ukishajua ugonjwa utataka mbegu safi inayostahimili, na hiyo ndiyo kazi yao, ingawa foleni yake msimu ukikaribia, mh!

Mwenye ekari mbili za chakula aanzie kituoni, kupitia bwana shamba wa kata. Anayezalisha pingili za kuuza, akaona dalili asizozielewa, avumilie safari ya Morogoro.