Fluphenazine ya sindano kwa mvuvi wa dagaa: 4 kati ya 5

Kwa mgonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili) aliyeko kambi ya wavuvi ya Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, vidonge vya kila siku ni mtihani: kazi usiku, usingizi mchana, dozi inarukwa. Sindano ya fluphenazine decanoate inamwondolea adha hiyo. Dawa imo kwenye mafuta, huchomwa ndani kabisa ya msuli wa tako na kutoka polepole. Kwa kawaida miligramu 12.5 hadi 25 kila wiki 2 hadi 4. Akiwa wa wiki 4, tarehe iangukie mbalamwezi, dagaa wasipovuliwa, avuke kwenda Mwanza bila kupoteza kipato.

Alama moja naikata kwa madhara yake. Mwili hukakamaa, mikono hutetemeka. Siku za mwanzo shingo yaweza kupinda na macho kugeukia juu. Ndugu husema karogwa, wakamkimbiza kwa mganga, kumbe ni dawa! Arudishwe hospitali siku hiyohiyo, dawa iitwayo benzhexol hulegeza misuli. Muuguzi asiyewaeleza ndugu mapema amefanya nusu ya kazi, jambo linalouma sana. Dozi ya kwanza iwe ndogo: ikishachomwa haitolewi, inakaa mwilini wiki kadhaa.