TAHADHARI: Kuna "mfuatiliaji wa mirathi" anapita kwa wafiwa akikusanya hati za nyumba

Naandika haya kwa ruhusa ya mama yangu, maana yeye ndiye aliyesaini. Kama umefiwa karibuni na marehemu ameacha nyumba au kiwanja, tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujamkabidhi mtu karatasi yoyote.

Siku ya tisa baada ya kumzika baba, alibisha hodi mtu mmoja mstaarabu sana, na mkoba wa mafaili mkononi. Akampa mama shikamoo, akampa pole, akalitaja jina la baba bila kukosea. Akasema yeye ni mfuatiliaji wa mirathi, anafanya kazi na mawakili, na husaidia wajane wasisumbuliwe. Akaomba kuona hati ya nyumba na cheti cha kifo. Akavilinganisha, akatikisa kichwa. Kwenye hati baba ana majina matatu, kwenye cheti yako mawili.

"Mama, kwa hili mahakama haitawasikiliza. Nyumba itachukuliwa na serikali."

Hapo ndipo alipotupata, na ulikuwa uongo mtupu. Majina kutofautiana ni jambo la kila siku kwenye mirathi. Mara nyingi linamalizwa kwa kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, au kwa kurekebisha cheti kule kilikotolewa. Karani wa mahakama angetueleza hivyo bure. Ila sisi hatukuwa tumelala vizuri tangu baba alazwe, na mtu aliyechoka humshukuru yeyote anayemwambia "niachieni mimi".

Akaahidi kushughulikia yote, tena akatukopesha fedha za kuanzia. Tungemrudishia mirathi ikishafunguliwa. Mama akasaini kurasa sita, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nikimwangalia. Hilo linaniuma kuliko yote. Ukurasa wa kwanza kweli ulikuwa maombi ya usimamizi wa mirathi. Wa nne, tuliokuja kuusoma baadaye sana, ulikuwa mkataba wa mama kuuza sehemu yake ya urithi, na zile fedha tulizodhani ni mkopo zimeandikwa kuwa ndiyo malipo kamili. Akaondoka na hati halisi, sisi akatuachia nakala.

Miezi miwili tukapigishwa danadana. Faili liko kwa hakimu, hakimu yuko likizo, subirini wiki ijayo. Namba ya shauri hakutupa hata mara moja. Ningekuwa najua, hapo ningeshtuka mapema: maombi yakishapokelewa mahakamani hupewa namba, na kwa namba hiyo mwenyewe unakwenda masjala kuuliza yamefikia wapi. Anayekwepa kukupa namba ama hajafungua kitu, ama kuna anachokuficha kwenye alichofungua.

Tuligundua siku alipokuja kijana na futi kamba, akaanza kupima uzio. Akasema amenunua. Alikuwa na hati ya uhamisho yenye sahihi ya baba, na tarehe yake ni ya siku ambazo baba alikuwa wodini hawezi kushika hata kijiko. Nilimkasirikia sana kijana yule, lakini naye ametoa akiba yake yote kwa mtu yule yule. Tukaongozana naye hadi ofisi ya usajili wa ardhi kufanya upekuzi, yaani kuangalia kwenye kumbukumbu zao nyumba imeandikwa kwa jina la nani. Uhamisho ulikuwa umeombwa, bado haujasajiliwa. Siku hiyo hiyo tukaweka zuio ili nyumba isihamishiwe mtu mwingine. Kesi inaendelea, na hati bado hatujaiona.

Jambo ambalo tungelijua mapema lingetuokoa ni hili. Katika nchi nyingi mali ya marehemu haiuzwi na mke peke yake, wala na mtoto wa kwanza, wala na kaka wa marehemu. Anatakiwa msimamizi anayetambuliwa na mahakama, awe ametajwa kwenye wosia au amependekezwa na familia. Naye msimamizi hageuki kuwa mwenye mali: anakusanya, analipa madeni, anagawa, kisha anatoa hesabu. Hata hati ya uwakilishi ambayo marehemu alimpa mtu akiwa hai ili atende kwa niaba yake, kwa kawaida nguvu yake huisha siku anapokufa. Kwa hiyo wewe unayetaka kununua nyumba ya mirathi, omba barua ya uteuzi wa msimamizi, kisha nenda nayo mwenyewe mahakama iliyoitoa ukaulize kama wanaitambua. Usiende na dalali.

Wiki chache baadaye alikuja mwingine na karatasi ya deni, anasema baba alimkopa. Sijui kama wanajuana. Tulimwambia apeleke madai yake kwa msimamizi pamoja na ushahidi, hakurudi tena. Madeni ya marehemu hulipwa kutoka kwenye mali aliyoacha na kwa utaratibu. Hayatoki mfukoni mwa mjane aliyekaa mlangoni.

Kama umeshamkabidhi mtu wa namna hii hati yako, usimpigie simu kumwuliza, utamshtua. Nenda leo ofisi ya usajili wa ardhi na cheti cha kifo na ile nakala ya hati, omba upekuzi, na uulize utaratibu wa kuweka zuio. Kisha polisi, ukatoe taarifa kwamba hati iko kwa mtu asiye halali. Mwisho mahakamani, uulize kama kuna maombi yoyote yaliyofunguliwa kwa jina la marehemu wako. Uliza kwa majina yote aliyowahi kutumia, maana maombi ya kwetu tuliyakuta yamefunguliwa kwa yale majina mawili, na msimamizi anayependekezwa ni mtu tusiyemjua.