Gari la mwajiri au gari lako? Njia sita kwa mwajiriwa wa Uganda, kuanzia bora

Mwajiri akikuambia "tutakupa gari", uliza kwanza kadi ya gari itakuwa kwa jina la nani, kisha uliza nini kitatokea siku utakapoacha kazi. Ukubwa wa injini na rangi vitasubiri. Mipango ya magari kazini inafanana kwa jina tu. Mmoja unakuachia gari, mwingine unakuachia deni, na upo unaokuacha ukisubiri taksi pale Wandegeya jioni ile ile uliyokabidhi funguo.

Mpangilio huu ni wa mtu ambaye mshahara wake unazidi shilingi 410,000 kwa mwezi, hivyo kila nyongeza inakatwa PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, ya 30%. Sehemu inayozidi milioni 10 kwa mwezi hukatwa 40%, na mtu wa ngazi hiyo aongeze makato ya hapa chini kwa theluthi moja.

1. Mkopo wa mwajiri wenye riba nafuu, kadi kwa jina lako

Hii ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza, na hesabu zinaonyesha kwa nini. Tuseme unahitaji milioni 30 kwa miezi 36. Benki ikitoza 18% kwa mwaka kwenye salio linalopungua, unalipa karibu 1,084,600 kila mwezi, na riba yote inafika milioni 9. Mwajiri akitoza 8%, unalipa karibu 940,100, na riba yote haifiki milioni 3.9. Umebakiza zaidi ya milioni 5, na hizo zinatosha bima na matairi kwa muda mrefu.

Unafuu huo una kodi yake. Mkopo wa mwajiri unaozidi shilingi milioni 1 ukiwa na riba chini ya kiwango cha kisheria, yaani kiwango cha riba cha punguzo (discount rate) cha Benki Kuu ya Uganda mwaka wa kodi unapoanza tarehe 1 Julai, tofauti ya riba inahesabiwa kuwa kipato chako. Chukua mfano wa tofauti ya asilimia 5 kwenye salio la milioni 30: hiyo ni milioni 1.5 kwa mwaka, na kodi yake haizidi 450,000. Mwaka wa pili inapungua kwa sababu salio limepungua. Bado unafaidika.

Kinachoharibu mpango huu ni kifungu cha kuondoka. Mikataba mingi husema salio lote linadaiwa mara moja ajira ikikoma. Sheria ya Ajira ya 2006 inampa aliyefanya kazi kati ya mwaka mmoja na mitano notisi ya mwezi mmoja, na mwajiri anaweza kulipa pesa badala ya notisi hiyo. Ukiwa umebakiza milioni 18, mwezi mmoja hautoshi kitu, na gari litauzwa kwa bei ya haraka. Kabla ya kusaini, omba iandikwe kwamba ukiondoka deni litaendelea kwa riba ya soko hadi mwisho wa muda wake. Waajiri wengi hukubali wakiombwa mapema. Ukisubiri hadi siku ya kuondoka, umechelewa.

2. Gari la kampuni, mafuta na huduma juu ya kampuni

Kama kazi inakupeleka Gulu, Arua au Kasese kila wiki, chukua hili bila kusita. Barabara zitakula bushi na shokamzoba za kampuni badala ya zako. Kwa anayetoka Ntinda kwenda ofisini Nakasero na kurudi, faida ni ndogo zaidi, maana kilometa ni chache na mwishoni habaki na mali yoyote.

Kodi yake ieleweke vizuri, kwa sababu ofisi nyingi za mishahara huikosea. Kipato kinachotozwa kodi ni 20% ya thamani ya soko ya gari siku ulipopewa mara ya kwanza, kwa uwiano wa siku za mwaka ulizoweza kulitumia kwa mambo yako, ukiondoa chochote unachomlipa mwajiri kwa ajili yake. Kila mwaka unaofuata, thamani hiyo inashushwa kwa 35% ya iliyobaki.

Gari la milioni 60 basi linaleta kipato cha milioni 12 mwaka wa kwanza, sawa na milioni 1 kwa mwezi, na PAYE ya 300,000. Mwaka wa pili thamani ni milioni 39 na PAYE inashuka hadi 195,000 kwa mwezi. Mwaka wa tatu inafika karibu 127,000. Kosa la kawaida ni mhasibu kuendelea kukata 300,000 ile ile miaka yote mitatu. Ukilinyamazia, umelipa zaidi ya milioni 3.3 usizodaiwa. Kila Julai angalia hati ya mshahara, na makato yasiposhuka, peleka hesabu hii kwa maandishi.

Siku zina thamani pia. Ukienda likizo, liache gari ofisini, kabidhi funguo, na usaini daftari. Siku hizo zinaondolewa kwenye hesabu. Gari linalolala ofisini kila usiku na kutumika kwa kazi tu halina kodi hii, ila iwe imeandikwa. Ukiuziwa gari hilo baadaye chini ya bei ya soko, punguzo lenyewe ni kipato cha kutozwa kodi. Hata hivyo nunua, kwa kuwa historia ya gari unaijua.

3. Kununua gari dogo kwa pesa taslimu

Njia hii haina riba wala kifungu cha kuondoka. Inashika nafasi ya tatu kwa sababu tu inadai uvumilivu wa kuweka akiba. Toyota Vitz, Spacio, Premio au Wish zinabaki chaguo la busara, maana spea zake zinapatikana soko la Kisekka na karibu kila fundi anazijua.

Kwenye bondi za Nakawa, yaani maghala ya magari yaliyoagizwa kutoka nje, swali la kwanza ni kama bei uliyotajiwa ina ushuru ndani au la. Gari likiwa bado chini ya forodha, bei ya kuvutia huwa ni nusu ya habari tu: bado kuna ushuru wa 25%, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 18%, kodi ya zuio ya 6% na tozo ya mazingira kwa magari ya zamani. Isitoshe, URA, mamlaka ya mapato, ina orodha yake ya thamani za magari, kwa hiyo risiti ya Japani yenye bei ndogo haikupunguzii kitu. Magari yenye miaka 15 au zaidi tangu yatengenezwe hayaruhusiwi kuingizwa tangu 2018. Soma mwaka wa kutengenezwa, usisome mwaka wa usajili.

Kwa gari lililokwisha kutumika hapa, fika asubuhi injini ikiwa baridi na uombe isiwashwe kabla hujafika. Muuzaji anayeipasha moto mapema huenda anaficha moshi wa bluu au mlio wa mnyororo wa injini. Linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Kisha tafuta gari hilo kwenye daftari la dhamana za mali zinazohamishika la URSB (ofisi ya serikali ya usajili), lililotokana na sheria ya 2019, kuona kama kuna mkopeshaji anayelidai. Wauzaji wengine wana kadi mkononi na deni nyuma yake. Usilipe salio la mwisho kabla umiliki haujahamishwa. Wote wawili mtahitaji TIN, namba ya mlipakodi.

Tenga pia pesa za bima kubwa, ambayo kwa kawaida ni karibu 4% ya thamani. Gari la milioni 30 linahitaji kama milioni 1.2 kwa mwaka.

4. Mkopo wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) ya kazini

Riba mara nyingi ni nafuu kuliko ya benki, lakini kiasi hutegemea akiba yako, na wadhamini ni wenzako wa ofisini. Ukishindwa, wao ndio watakatwa. Unafaa kwa kujazia milioni chache zilizopungua, si kwa bei nzima ya gari.

5. Posho ya gari pamoja na mkopo wa benki

Posho ya 1,500,000 inaonekana kubwa kwenye barua ya ajira. Toa PAYE ya 450,000 na mchango wako wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wa 5%, yaani 75,000, unabaki na 975,000. Hiyo haifiki hata rejesho la benki la 1,084,600 tulilolitaja juu, na bado hujatia mafuta. Ukipewa nafasi ya kujadili, omba posho ndogo zaidi pamoja na kurudishiwa gharama za safari za kazi kwa kila kilometa, zenye kumbukumbu za tarehe, mahali na namba za mita. Marejesho ya gharama halisi za kazi hayatozwi PAYE.

Kwa benki, uliza kama riba ni ya salio linalopungua au ya jumla, yaani inayohesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho. Milioni 30 kwa 18% ya jumla kwa miaka mitatu ni riba ya milioni 16.2, karibu mara mbili ya ile ya salio linalopungua, ingawa namba 18 haijabadilika.

6. Kukatwa mshahara huku kadi ikibaki kwa mwajiri

Unalipia gari miaka mitatu au minne, nalo linakuwa lako baada ya rejesho la mwisho tu. Ukifukuzwa mwezi wa 30, huenda ukapoteza gari na yote uliyolipa. Usisaini bila kifungu kinachokuruhusu kulipa salio na kuchukua kadi ndani ya siku 90, na kingine kinachosema gari likirudishwa na kuuzwa, kinachozidi deni ni chako. Mwajiri akivikataa vyote viwili, endelea kupanda taksi huku ukiweka akiba kwa ajili ya njia ya tatu.