Nimeijaribu diski ya gramu 175 kwenye upepo wa kusi: mrefu, mwenye mbio, nani anafaidi?

Haya wadau, karibuni tena. Msinishangae nikiwa nakunja macho, ni mchanga huu. Kusi leo imeamka vibaya. Tupo Coco Beach, Dar es Salaam, mwezi wa saba, saa kumi jioni, na maji yamekupwa vizuri, yametuachia mchanga mgumu wa kuchezea. Kama sauti inakatika, lawama zote kwa upepo, mpiga picha wangu hana kosa.

Mkononi nina diski. Hii nyeupe ndiyo tuliyokuja kuichambua, ni ya mchezo wa ultimate: Ultra-Star ya kampuni ya Discraft, gramu 175, kipenyo chake kama sentimita 27. Sikupewa na mtu, nimeinunua kwa hela yangu na nimeichezea msimu mzima, kwa hiyo mikwaruzo mnayoiona ni ya kweli. Hizi nyingine mbili nimezileta za kulinganishia. Hii ya njano ni ile nyepesi ya kuchezea watoto ufukweni, na hii ndogo yenye ukingo mkali ni ya gofu ya diski.

Wengi mmeniandikia mkiuliza: "Mimi ni mfupi, nikinunua diski nitaucheza huu mchezo?" Mwingine akauliza kinyume chake, yeye ana mbio sana, je anahitaji diski gani? Jibu langu lina upepo ndani yake, ndiyo maana sikurekodia sebuleni.

Kwa mgeni, mchezo wenyewe ni ultimate. Wengi mnauita frisbee, lakini Frisbee ni jina la biashara la kampuni ya Wham-O, ndiyo maana kwenye mashindano utasikia ultimate tu. Ulianza mwaka 1968 kwa vijana wa sekondari ya Columbia, mji wa Maplewood, New Jersey, Marekani. Kwenye nyasi mko saba kwa saba, uwanja mita 100 kwa 37, na ufukweni kama hapa mko watano kwa watano, mita 75 kwa 25. Ukishika diski hukimbii nayo. Unasimama, mkabaji wako anakuhesabia hadi kumi, urushe. Mwenzako akidaka ndani ya eneo la mwisho, mmefunga. Na refa hayupo! Ukimgonga mtu, mnaelewana wenyewe. Tukianza tu watu walisema wabongo hatutaweza kucheza bila refa. Tunaweza, tunabishana kwanza kidogo, kisha tunaendelea.

Sasa diski. Tazama hapa juu, mpiga picha sogea. Unaona hii mistari ya duara? Pitisha kidole gumba, inakwaruza kidogo, na ndipo kidole kinapokaa usirushe kwa kuteleza. Chini, ukingo umeingia ndani kiasi cha vidole vinne kukunjika vyote vikashika. Hiyo ndiyo bekihendi, mrusho wa kuanzia upande wa pili wa mwili. Kwa fohendi, mrusho wa upande wa mkono wako wenyewe, vidole viwili, cha shahada na cha kati, vinakaa ndani ya ukingo huu. Kama umetoka kula mihogo ya kukaanga hapo nyuma, nenda kanawe kwanza. Nasema kwa uzoefu, niliwahi kuirusha kwa vidole vyenye mafuta ikaenda kutua kwenye meza ya watu wenye mishikaki yao.

Kipimo cha kwanza, nageukia upepo unakotoka. Wavuvi wetu wana maneno mazuri kwa jambo hili: joshi ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakoelekea. Nitayatumia hayo hayo. Naanza na ya njano kwenda joshi... Mmeona? Imepanda, imesimama kama inafikiria, imerudi nyuma yangu! Nikaikimbilie? Acha, mtoto yule ameshaiokota. Sasa ya gramu 175, mkono ule ule... Hii imekwenda. Imeyumba kidogo kulia, lakini imekwenda.

Kwa nini? Diski inapaa kama bawa. Nguvu ya kuiinua inategemea kasi yake ndani ya hewa, wala si kasi yake juu ya mchanga, na inakua kwa mraba wa hiyo kasi. Chukua hesabu nyepesi. Umeirusha kwa mita 20 kwa sekunde, na upepo unavuma mita 5 kwa sekunde. Ukienda joshi, hewa inaipiga kwa mita 25, nguvu ya kuinua inakuwa zaidi ya mara moja na nusu ya siku tulivu. Ukienda demani hewa inaiona kwa mita 15 tu, nguvu inabaki zaidi ya nusu kidogo. Kwa hiyo kwenda joshi inapanda na kuning'inia, kwenda demani inadondoka kama imechoka. Ugeni wa mambo uko hapo: mtu akiona upepo uko mgongoni kwake anafurahi, anarusha chini chini, diski inakula mchanga mita 15 mbele. Ukienda demani ipe urefu, pua, yaani ukingo wa mbele, iinuke kidogo. Ukienda joshi, pua chini, irushe kama unaipitisha chini ya uzi wa kuanikia nguo.

Na ule mzunguko, jamani. Diski isiyozunguka ni sahani. Mzunguko ndio unaoishikilia isigeuke hewani, na unatoka kwenye kifundo cha mkono, kile kitendo cha kukung'uta maji mkononi. Bega lako hata liwe la mbeba mizigo wa Kariakoo halitakusaidia. Vijana wenye nguvu wakiona kusi wanaongeza bega, diski inatoka kwa kasi lakini mzunguko mdogo, inajipindua. Kwa anayetumia mkono wa kulia, bekihendi ya kwenda joshi inajipindua kulia, fohendi inajipindua kushoto. Ukilijua hilo, unaiachia ikiwa imelala kidogo upande wa pili, ijinyooshe yenyewe njiani. Upepo wa ubavuni nao una dawa yake: ukiuonyesha tumbo la diski unaibeba na kwenda nayo, ukiuonyesha mgongo unaibamiza chini.

Diski hii haikufichii kosa. Ile nyepesi kila mtu anaonekana hajui, kwa hiyo huoni kosa ni la nani. Hii ukikosea pembe inakwenda kule kule ulikokosea, na ukirekebisha inatii mara moja. Nadhani ndiyo sababu ilikubalika, ikawa diski rasmi ya mashindano ya Marekani mwaka 1991.

Tuje kwenye urefu. Huyu hapa tunamwita Twiga. Twiga, salimia watu. Ana mita moja na sentimita tisini, mimi nina moja na sitini na mbili. Akinyoosha mkono bila kuruka, mimi lazima niruke na bado nafika kwenye kiganja chake. Siku tulivu, diski ikija juu juu katikati yetu, hamna mjadala, ni yake. Na akinikaba, mikono ile inaziba fohendi yangu kama mlango.

Lakini Jumamosi iliyopita, na wapo mashahidi, mwenzangu alirusha ndefu kwenda joshi. Twiga akaiona inakuja, akapiga hesabu yake ya kawaida, akaruka. Akaruka vizuri kabisa, picha ya kuweka ukutani. Diski ikawa bado iko hewani. Kusi iliishika ikaning'inia, ikaanza kurudi ilikotoka. Yeye anashuka, mimi nilikuwa nimebaki hatua mbili nyuma yake nikiitazama ukingo, na nikaidaka usawa wa kifua. Sikuruka hata.

Ujanja wake ni huu: kwenye upepo usiangalie diski iko juu kiasi gani, angalia ukingo. Ukingo wa mbele ukiinuka ukaona tumbo, itasimama na kurudi, kwa hiyo baki nyuma. Ukiona mgongo wake, inateremka kwa kasi, kimbia. Mrefu anaweza kusoma hivyo pia, na mrefu akijua kusoma basi mimi nimekwisha. Ila warefu wengi hawajawahi kulazimika kujifunza, urefu umewadekeza. Twiga ananiangalia vibaya hapa.

Tena mfupi ana faida yake akiwa na diski mkononi. Mimi napiga hatua ndefu pembeni, goti karibu na mchanga, naiachia chini ya mkono wa mkabaji. Mrefu kuinama hadi huku ni safari. Na diski iliyotoka chini hukutana na upepo mdogo zaidi, kwa sababu karibu na ardhi upepo umepungua. Lala chini kwenye mchanga uone, hata nywele hazitikisiki sana.

Kuna mtu ataniuliza nyundo je, ule mrusho wa kupitisha juu ya kichwa, diski ikienda imepinduka. Kwenye kusi hii? Mimi simo.

Mbio sasa. Tuna binti mmoja hapa, yule wa fulana ya kijani, anakimbia kama amefukuzwa na nyuki. Diski ndefu ikikaa hewani sekunde nne, na yeye anakwenda mita 7 kwa sekunde, ameshakula mita 28. Ndiyo maana hatumrushii alipo, tunarusha uwanjani patupu, yeye na diski wakutane huko. Kwenda demani hilo ni tamu sana, diski inakimbia na upepo na hakuna wa kumfikia. Ila kwenda joshi mbio zake zinapungua thamani. Anafika mapema, diski inaning'inia, anasimama kuisubiri, na mkabaji wake aliyeachwa mita tano anamfikia, na Twiga naye anatokea kutoka upande mwingine. Mbio zako zote zimekuwa za kumpa adui muda wa kufika.

Kwa hiyo kwenda joshi tunacheza kama ngalawa inayobisha. Nahodha hapeleki chombo moja kwa moja kwenye upepo, anakata kulia, anakata kushoto. Sisi pia: pasi fupi, mita nane, mita kumi, kulia kushoto, hadi tufike. Hapo mtu wa kumtafuta ni yule anayegeuka ghafla, anayekimbia hatua tatu kwenda mbele na kurudi kabla mkabaji hajageuza kiuno. Kwenye mchanga ndiyo zaidi, maana mchanga unameza kasi ya kila mtu.

Ubaya? Upo. Nyeupe hii siku ya mawingu inapotea angani, na asubuhi hapa jua likichomoza baharini huioni kabisa. Ningenunua tena ningechukua ya chungwa. Halafu plastiki yoyote na joto la Dar hawapatani. Ya kwanza niliiacha nyuma ya gari juani tangu asubuhi, nikaikuta ukingo umejikunja kama chapati iliyopinduliwa mapema. Niliinyoosha, haikurudi sawa. Kosa langu, si la diski. Na kwa mtoto wa miaka minane, gramu 175 ni nzito mkononi na inaumiza vidole. Kampuni hiyo hiyo ina ya gramu 145 ya watoto, mnunulieni hiyo.

Hii ya gofu sitaisema sana. Ukingo wake ni mkali, imetengenezwa kurushwa kwenye kikapu cha minyororo. Ukimrushia mwenzako kwa kasi adake, unaweza kumvunja kidole. Msidanganywe dukani kwamba diski ni diski.

Je, ununue? Kama mnacheza kweli, hata mkiwa sita tu, nunueni moja kwa kuchanga. Kama unataka kurushiana na watoto Jumapili wakati hakuna upepo, ile ya njano inatosha na hela iliyobaki kaleni mihogo. Na kama wewe ni mfupi na ulikuwa unasubiri ruhusa, njoo msimu wa kusi uanzie hapo hapo. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi, upepo unageuka upande wa pili na yale yote uliyozoea yanageuka, goli la joshi linakuwa la demani. Inabidi uanze kuhesabu upya.

Niandikieni hapo chini, kwenu mnachezea wapi na upepo unatoka upande gani. Wa Tanga, wa Mombasa, na nyie wa Mwanza wenye upepo wa ziwa, nataka kusikia.

Nilitaka niwaonyeshe mrusho mmoja wa mwisho na Twiga akikaba, lakini angalieni nyuma yangu. Zile ndala tulizoweka kama kona ya uwanja, moja inaelea. Maji yanajaa. Twiga! Ndala yako hiyo!