Nilichouziwa nilipopeleka tatizo la samaki wangu: dawa ya kuku

Nasema mapema, hasira ingali ya moto: msiende. Jina la duka silitaji. Wafugaji wa samaki wa mapambo hapa Mbeya mtalijua wenyewe, kwani hatuna maduka mengi ya kuchagua, na nadhani hilo ndilo linalompa mwenye duka kiburi.

Ilikuwa majira ya ile baridi yetu ya katikati ya mwaka, mnaoishi Uyole sina haja ya kuwaeleza. Umeme ukakatika usiku kucha, hita ikazima, maji ya tenki yakapoa. Samaki hawa asili yao ni nchi za joto, wanataka maji ya nyuzi 24 mpaka 28, na sisi tuko mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari. Siku chache baadaye nikaona moli wangu weusi wamepata vidoa vyeupe, vidogo kama punje za chumvi, kwenye mapezi na mkia. Wakawa wanajisugua kwenye mawe, wamebana mapezi, hawataki kula.

Nikapiga picha nzuri tu, mchana kweupe, nikaenda nayo dukani. Mwenye duka hakuiangalia. Narudia, hakuiangalia! Nimeinyosha simu mbele yake, yeye anahesabu chenji ya mtu mwingine. "Wanaumwa? Tia hii." Akanisukumia pakiti ya unga yenye picha ya jogoo. Nikamwambia kaka, hii si ya kuku? Akanijibu, "Mama, mdudu ni mdudu."

Mdudu ni mdudu. Mtu anayeuza samaki kwa riziki yake!

Vidoa vile havisababishwi na bakteria. Ni kimelea cha seli moja kinachojichimbia chini ya ngozi ya samaki, na kila kidoa unachokiona ni kimelea kimejifukia pale kinakula. Unga wa kuku ule ni antibiotiki, hauna habari nacho kabisa. Unachoweza kuua ni bakteria wema wanaoishi kwenye filta, wale wanaoshughulikia amonia inayotoka kwa samaki. Kwa hiyo mgonjwa anabaki na ugonjwa wake, halafu na maji yanaharibika. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Nilifuata maelekezo yake, kijiko kwa ndoo, na maji yakawa rangi ya chai ya rangi, povu juu, samaki wote wamepanda kuhema. Asubuhi niliopoa moli wawili na gapi mmoja, yule mwenye mkia mwekundu ambaye wanangu walishampa jina.

Nikarudi. Sikurudi kugombana, nilitaka tu aniambie nifanye nini na waliobaki. Duka lina wateja. Akaniangalia, akawageukia wao, akasema kwa sauti, "Jamani, samaki akiumwa si anakaangwa? Huyu mama anamuuguza!" Wakacheka. Kuna baba mmoja alicheka mpaka akashika kaunta.

Nikatoka. Nipo barazani natafuta bajaji, nikasikia, "Shikamoo mama, samahani." Ni kijana wake wa kazi, yule anayebadilisha maji ya matenki. Akaomba aione picha. Akaitazama, akaikuza kwa vidole, akauliza maswali ambayo bosi wake hakuuliza hata moja: vidoa vilianza lini, maji yana joto gani, kuna konokono humo, kuna wale kambare wadogo wasio na magamba? Akasema dawa yake ni malakiti, ile chupa ndogo ya kijani, na kwamba kambare wakiwemo natia nusu dozi. Nitoe mkaa kwenye filta, la sivyo utainyonya dawa yote. Joto nilipandishe taratibu mpaka 28 au 29, na pampu ya hewa isizimwe, kwa kuwa maji yakipata moto hewa inapungua.

Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Kimelea kikiwa ndani ya ngozi dawa haikifikii. Kikishiba kinadondoka chini kwenye changarawe, kinajifunika, kinajigawa mamia, na humo nako hakifikiwi. Kinapatikana pale tu wale wadogo wanapotoka kuogelea kumtafuta samaki. Joto linaharakisha mzunguko huo, kwenye ubaridi unaweza kuvuta wiki kadhaa. Ndiyo maana dozi inarudiwa hata vidoa vikishapotea machoni. Mwisho akaniuliza kwa adabu, "Hawa hamli, mama?" Maana samaki aliyetiwa malakiti si wa kuliwa tena. Basi yule bosi na kukaanga kwake!

Na chupa yenyewe ilikuwa wapi? Rafu ileile, mkono wa kushoto wa pakiti ya jogoo. Bei hazikupishana sana.

Waliobaki wamepona. Kwa hiyo nilitaka kufuta neno langu la mwanzo, niseme nendeni, ila mkaombe kuhudumiwa na kijana. Hata hita niliyonunua pale inafanya kazi hadi leo, sina kinyongo nayo. Pengine bosi naye siku ile alikuwa na mambo yake, biashara ina stresi. Lakini kila nikikumbuka kwamba kijana alinieleza yote hayo kwa kunong'ona, anageuka nyuma kila dakika kama anauza magendo, damu inapanda upya. Kwa nini ujuzi ufichwe barazani na ujinga ukae kaunta? Hapana. Nyota moja, na hiyo ni ya kijana, bosi asiiguse.

Chakula cha samaki nitaendelea kununua palepale kwa vile kwingine kinaisha ovyo. Ila siendi mimi. Namtuma mwanangu wa pili, na nimemwambia akiulizwa samaki ni wa nani, aseme wa jirani.