Nimekaa hatua mbili kutoka kwa wapiga fidla: uchambuzi wa usiku wa muziki wa Kiayalandi, Galway

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni tena. Hapo nyuma yangu ni mto Corrib. Niko Galway, magharibi ya Ayalandi, na saa inakaribia sita usiku. Natoka baa sasa hivi kusikiliza bendi ya hapa hapa mjini, watu sita wanaopiga muziki wa asili wa Kiayalandi, na nimeona nirekodi kabla sijafika nyumbani, wakati zile fidla bado ziko kichwani.

Kila mgeni anayenitembelea huniuliza: huo muziki wa baa, ni kitu cha kumtoa mtu ndani na baridi hii? Nawajibu mapema: tokeni. Ila kwa sharti moja. Nendeni mahali bendi inapopiga bila spika, mkae karibu nayo mpaka mwone vidole.

Nasema hivyo kwa sababu wiki iliyopita niliingia baa kubwa ya katikati ya mji, jina naliacha, yenye jukwaa, taa za rangi na spika mbili ndefu kama makabati. Gitaa lilikuwa juu mno, fidla ikasikika kama mbu wa chumba cha pili, na kila wimbo ukiisha kuna mtu wa kutuhimiza tupige makofi. Wapigaji walikuwa hodari, mikono yao niliiona, ila sauti yao sikuipata. Baada ya nusu saa nikachukua koti langu. Mtu akianzia pale atarudi kwao akidhani muziki huu ni shangwe za walevi tu, na atakuwa ameudhulumu.

Leo Jumanne mambo yamekuwa mengine. Baa ndogo, dari ya chini, moto unawaka ukutani. Nilifika saa mbili kasoro robo, na bendi huanza saa tatu na nusu. Ukiona pembeni kuna meza ina viti vitupu na baa imejaa, usikae! Ile ni meza ya wapigaji. Mimi nikachukua benchi la jirani, chini ya saa ya ukutani, nikaagiza chai. Na hili niliseme wazi kwa wale wasiokunywa pombe: mimi sinywi, na usiku kucha hakuna aliyeniuliza. Birika dogo la chai, baadaye soda, basi. Kiingilio hakuna. Wapigaji wanaletewa vinywaji na mwenye baa, na mteja akipenda huwanunulia.

Wakaanza kuingia mmoja mmoja, kila mtu na kasha lake, kama watu wanaotoka kazini. Fidla mbili, filimbi ya mbao, konsatina, yaani kale kakodiani kadogo ka pembe sita, kigoma, na mzee mmoja mwenye zumari. Wakakaa duara, nyuso ndani, baadhi yao wakitupa mgongo. Nilipofika nchi hii niliona ni dharau. Sasa nimeelewa kwamba wanatazamana ili wasikilizane, na sisi tunaozunguka tumekaribishwa kusikiliza mazungumzo yao. Mkusanyiko huo wao wenyewe huuita kikao.

Sasa zumari, maana ndiyo iliyonishika. Ondoeni picha ya zumari ya kupuliza kwa mdomo. Hii ni ya mfuko wa hewa, inaitwa uilleann, na jina hilo limetokana na neno la Kiayalandi la kiwiko. Mzee alijifunga mkanda kiunoni, akakaza mwingine juu ya kiwiko cha kulia, na chini ya mkono ule ikakaa mivuo midogo kama ya mhunzi. Kiwiko cha kulia kinavuta hewa, cha kushoto kinabana mfuko, vidole vyote viko kwenye bomba la matundu. Juu ya goti ametandika kipande cha ngozi. Akilikandamiza bomba pale na kuziba matundu yote, sauti inakatika papo hapo. Akiinua, inatoka tena. Mapajani kuna mabomba mengine yana funguo za shaba, anazigonga kwa ubavu wa kiganja cha kulia bila kuacha wimbo. Na mdomo uko huru! Nimemwona akimjibu jirani yake salamu katikati ya wimbo. Chini ya yote hayo kuna mlio mmoja mzito usiokatika, unausikia kwenye mbao za benchi kabla haujafika masikioni. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza upigaji wa zumari hii kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na mimi nikimtazama yule mzee sikuona cha kubisha.

Kigoma wanakiita bodhrán, wanatamka kama "bauran". Ni ndugu wa dufu letu la maulidi: duara la mbao, ngozi ya mbuzi upande mmoja. Tofauti ni kwamba wanapiga kwa kijiti chenye vichwa viwili, na mkono wa pili umeingia nyuma ya ngozi, unasukuma na kuachia ili sauti ipande na kushuka. Karibu na moto ngozi ilikauka ikakaza, kijana akachovya vidole kwenye glasi ya maji akaipaka kwa nyuma, akasubiri, akagonga mara moja akiwa ameiinamia, ndipo akarudi kwenye mwendo. Mpiga bauran mbaya huharibu kikao kizima. Huyu alikuwa mpole, mara nyingine aliacha kabisa awapishe wenzake.

Niseme ukweli kuhusu jambo linalowakatisha tamaa wengi: dakika 20 za mwanzo nyimbo zote zinafanana. Ndivyo ilivyo kwa sikio geni. Kinachosaidia ni kujua zilivyojengwa. Wimbo una sehemu mbili, kila moja inapigwa mara mbili, kisha wanaurudia wote, mara nyingi mara tatu, halafu bila kusimama wanarukia wimbo mwingine. Ule mruko ndio wa kuuvizia. Anayeongoza anainua macho, anatikisa kichwa, pengine anasema "hap!", na wote wanageuka pamoja kama kundi la ndege. Leo walitoka hivyo kutoka wimbo wa sauti ya chini kwenda wa sauti angavu, na watu watatu jirani yangu wakapiga kelele kwa mara moja bila kuambiwa na mtu.

Halafu kuna mwendo. Reel, aina moja ya nyimbo hizi za dansi, inakwenda kwa mapigo manne, inakimbia. Jig, aina nyingine, ni sita kwa nane, yaani mapigo sita yanayogawanyika matatu matatu, na hapo mtu wa pwani yetu mguu unaanza wenyewe, kwa sababu chakacha nayo inatembea kwenye sita kwa nane. Nilikulia Tanga, fidla na kodiani nilizizoea kwenye taarabu, zikiimba taratibu nyuma ya mwimbaji. Hapa fidla ndiyo mwimbaji, na haipumui.

Kubwa zaidi la usiku halikuwa na ala yoyote. Kama saa nne na nusu hivi mtu alimwomba mama mmoja aliyekaa karibu na kaunta aimbe. Akakataa, akaombwa tena, akafumba macho. Uimbaji huu unaitwa sean-nós, maana yake mtindo wa zamani: sauti moja, hakuna kusindikizwa, maneno kwa Kiayalandi, sauti inapinda na kuzunguka neno kama wasomaji wetu wa kaswida. Meza ya wageni karibu na mlango waliendelea kuongea kwa sauti, na hilo liliniuma, nalihesabu kuwa kasoro pekee nzito ya jioni. Mhudumu akasema neno moja tu, "ciúnas", kimya. Akaacha kuosha glasi. Mwanamume aliyekaa kando ya mama yule akamshika mkono, akawa anauzungusha polepole kufuata wimbo, kama anayemsaidia kubeba. Sikuelewa hata neno moja, na nilikuwa na donge kooni mpaka alipomaliza. Mstari wa mwisho hakuuimba, aliusema kwa sauti ya kawaida, akafungua macho, akanywa maji.

Kuna jambo limenigusa mimi kama mtu niliye mbali na kwetu. Nilidhani vikao vya baa ni vya tangu enzi na enzi. Sivyo. Zamani muziki huu ulikaa jikoni kwa watu na kwenye njia panda. Mwaka 1935 ikatungwa sheria ya leseni kwa dansi za hadhara, ikaubana. Baada ya vita vikuu vya pili, vibarua wa Kiayalandi waliokwenda kujenga London ndio waliokutana kwenye baa za Camden Town na Kentish Town na fidla zao, kwa sababu vyumba vya kupanga havikuwa na jiko la kukusanyika. Na kitabu kikubwa cha nyimbo hizi, chenye nyimbo 1,850, kilichapwa Chicago mwaka 1903 na Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa jiji hilo. Wahamiaji, ndugu zangu. Nilikuwa natazama ile duara leo nikiwawazia wao.

Mambo madogo ya kujua. Watoto wanaruhusiwa wakiwa na wakubwa wao mpaka saa tatu usiku, na kuanzia Mei hadi Septemba mpaka saa nne, kwa hiyo wenye watoto tafuteni baa zinazoanza jioni mapema. Choo cha pale nilipokuwa kiko juu kwa ngazi nyembamba, mwenye magoti mabaya atapata taabu. Simu yako rekodi wimbo mmoja, uliza kwanza, zima ile taa. Makofi subiri wamalize. Ijumaa na Jumamosi mimi siendi, watu wanasimama mpaka mlangoni na husikii chochote.

Alama zangu ni tisa kwa kumi, na ile moja wamenikatia wale wa mlangoni.

Jumanne ijayo narudi. Mdogo wangu anakuja na treni kutoka Dublin, safari ya saa mbili na nusu hivi, na nimeshamwambia akose chochote ila asikose treni ile ya jioni, maana benchi la chini ya saa linachukua watu wawili tu na siwezi kumshikia nafasi mpaka saa tatu.