Menyu ya mboga tupu kwenye restoranti ya kifahari Paris: uzoefu wangu, na bili pia

Nianze na bei maana najua ndiyo mnayoitafuta. Menyu ya mboga mchana euro 95 kwa kichwa, usiku wanaongeza sahani mbili inaruka mpaka 190, vinywaji mbali. Sisi tulienda mchana na nasema wazi usiku nisingelipa. Restoranti iko Paris, upande wa kushoto wa mto Seine, ina nyota moja ya Michelin (kile kitabu cha Kifaransa kinachopima restoranti, nyota tatu ndiyo juu kabisa), jina lake nalihifadhi kwa sababu kuna jambo hapa chini halikunifurahisha na sina haja ya kugombana na mtu. Ila mengi ya haya utakutana nayo kwenye restoranti yoyote ya daraja hiyo, kwa hiyo someni tu.

Kwanza kwa nini mboga. Mimi na dada yangu Waislamu, yeye anakaa Muscat alikuja kunitembelea, na nyama ya halali kwenye hizi sehemu za nyota ni nadra mno, kwa hiyo njia ya kukaa kitako ukala kwa raha ni kuagiza menyu ya mboga. Lakini jamani menyu ya mboga haimaanishi halali, na hapo ndipo wengi wetu tunajiachia. Mpishi wa Kifaransa ukimwambia huli nyama anaondoa nyama na samaki, basi. Divai ndani ya sosi iko palepale. Supu ya boga unaiona haina kosa kumbe imelainishwa na mchuzi wa kuku au wa mifupa ya ndama, maana huo mchuzi wa mifupa ndio msingi wa jiko lao la kizamani, wanauchemsha masaa na wanautia kila mahali. Vitamu vya krimu vinagandishwa na jelatini na mara nyingi jelatini yenyewe ni ya nguruwe. Hata jibini, Parmesan kwa mfano sheria yake inataka igandishwe na kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hiyo mla mboga wa kweli naye haigusi ingawa imenyunyizwa juu ya kila saladi.

Kwa hiyo wakati wa kubuku nikaandika imeili kwa Kifaransa chepesi: bila nyama, bila samaki, bila pombe hata ya kupikia, bila jelatini. Wakajibu vizuri tu, wakauliza kama mayai na jibini tunakula, wakaomba namba ya kadi (usipotokea bila kutoa taarifa wanakukata, hilo ni kawaida huko siku hizi, msishtuke). Mpaka hapo nawapa maksi zote.

Siku yenyewe. Mkate unakuja moto na siagi ya chumvi, na hiyo siagi peke yake ingetosha kunirudisha pale. Kisha vile vidude vya kufungulia mdomo, gougères, vidonge vya unga wa mayai na jibini vilivyofura vitupu ndani, unatia mdomoni vinayeyuka. Dada akala vyake na viwili vyangu.

Sahani ya kwanza asparaga nyeupe, ile mboga ya mashina marefu, tulikuwa kwenye msimu wake, majira ya kuchipua. Zile nyeupe ni asparaga hizihizi za kijani ila zimefukiwa kwa udongo zisione jua, ndiyo maana hazipati rangi. Wamezimenya ganda lote la nje mpaka mashina yamebaki laini, matatu tu kwenye sahani kubwaaa, na juu sosi ya viini vya mayai na siagi iliyochanganywa na krimu iliyopigwa, ina asidi kidogo ya limau. Utamu wake wa polepole, una uchungu kwa mbali mwishoni. Nilidhani nitacheka kwa uchache wa chakula lakini sikucheka.

Ya pili sasa. Uyoga wa morilles, wale wenye vishimo vishimo kama sega la nyuki, pamoja na njegere changa. Harufu imetangulia mbele ya mhudumu. Dada akanishika mkono, "Mdogo wangu, hebu muulize kwanza hii sosi imepikwa na nini," nami nikauliza, na jibu lake ni vin jaune, divai ya njano ya kule Jura, mashariki ya Ufaransa, maana uyoga huu na divai hiyo kwa wapishi wa Ufaransa ni mtu na mkewe. Nikamwambia tuliandika bila pombe. Akatabasamu akasema pombe yote imeshapanda na moshi. Si kweli, pombe haiishi yote kwenye sufuria, ukichemsha kwa muda inapungua lakini nyingine inabaki, na hata kama ingeisha si yeye wa kuniamulia mimi nile nini. Hili ndilo lililonichoma. Siyo kosa la jikoni tu bali lile tabasamu la kunifundisha dini yangu. Alipokuja mkubwa wake mambo yakabadilika, akaomba radhi bila maneno mengi, sahani zikaondoka zikarudi uyoga uleule umekaangwa kwa siagi na mchuzi wa mboga, na kusema haki ile ya pili ilikuwa tamu vilevile, kwa hiyo inawezekana, ni kutaka tu.

Halafu ikaja ile iliyonifanya niandike haya yote. Celeri-rave, ule mzizi mkubwa wa jamii ya seleri, wenye sura mbaya sokoni huwezi kuutazama mara mbili, wameuchoma mzima ndani ya ganda la chumvi. Wanauleta mezani hivyohivyo, mhudumu anagonga ganda kwa mgongo wa kisu linapasuka, mvuke unatoka, anafuta chumvi kwa brashi anakata kipande kinene kama nyama. Ndani umekuwa laini mpaka kijiko kinapita, una utamu wa karanga, chumvi imeingia kiasi chake tu. Sosi ni maji ya mboga zilizobabuliwa yakachemshwa yakapungua mpaka meusi yanang'aa, ungeapa ni ya nyama. Dada ambaye kwake chakula bila pweza au ng'onda ni vitafunio, alinyamaza kimya mpaka sahani ikawa nyeupe.

Na hili la mboga si fasheni ya juzi kwao. Mpishi Alain Passard wa restoranti ya L'Arpège, hukohuko Paris mtaa wa Varenne, ana nyota 3 tangu 1996, na 2001 aliondoa nyama nyekundu kwenye menyu watu wakamwona amechanganyikiwa, akafungua bustani zake mwenyewe huko Sarthe, na 2025 akaondoa kila kitu cha mnyama isipokuwa asali. Claire Vallée naye na restoranti yake ONA huko Arès alipata nyota 2021 bila hata yai, wa kwanza Ufaransa kwa chakula cha mimea tupu, ingawa ONA yenyewe ilishafungwa. Kwa hiyo mhudumu yeyote akikwambia kupika bila nyama ni taabu, mwache na lake.

Toroli la jibini tuliliruka, ni euro 18 zaidi na maswali ya kuuliza mengi. Vinywaji vya juisi na majani ya kuchemsha vinavyoendana na kila sahani wanataka euro 45, nilionja cha dada, juisi ya tufaha na tarragon (majani ya kunukia), nzuri lakini bei hiyo hapana. Ombeni "carafe d'eau", maji ya bomba, ni bure na mkate pia bure, msione haya. Huduma imeshahesabiwa kwenye bei kwa sheria, bakshishi ni ukipenda. Mimi sikuacha, nadhani mnaelewa.

Mwisho vipipi vya kushindilia kahawa. Kulikuwa na guimauve, vile vya laini vya rangi ya waridi, navyo hugandishwa na jelatini, lakini hapa walikuwa makini wakaviondoa kabla hatujauliza wakaweka vitufe vya chokoleti.

Kwangu 8 kwa 10, na hizo mbili wanajua zimekwenda wapi. Mkienda andikeni mahitaji yenu kwenye imeili halafu myarudie kwa mdomo mkishakaa, kabla ya mkate. Na kama wana souffle, kile kitamu cha mayai yaliyopigwa kinachofura kwenye oveni, agizeni mwanzoni kabisa pamoja na chakula, inapikwa mkiwa mmekaa na ikishatoka kwenye oveni haingoji mtu, yetu ya limau ilianza kushuka dada yangu akiwa bado anatafuta simu apige picha.